Uwakala wa nyumba: usajili wa Kenya, kadi ya Dubai au udalali wa Dar?

Ajenti_Bamburi
Salaam wakuu. Mwaka wa tatu huu natembeza watu kwenye nyumba na ploti, Bamburi hadi Mtwapa, kwa mdomo na simu tu. Komisheni naipata. Lakini mwezi uliopita mwenye nyumba mmoja kaniuliza namba yangu ya usajili, nikabaki kukohoa. Sasa nataka karatasi. Naona njia tatu: nijisajili hapa Kenya, nimfuate binamu Dubai, asema kadi ya uwakala yapatikana kwa wiki chache, au nivuke Dar, ambako nasikia hakuna anayekuuliza kitu. Diploma yangu ni ya biashara, si ya ardhi. Mlioko ndani, nishaurini.

Mpima_wa_Thika_Road
Ndugu yangu, ulivyo sasa uko nje ya sheria. Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, ni ya 1984. Kufanya kazi hii bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba (EARB) ni faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Faini yenyewe ni ndogo kuliko komisheni ya ploti moja ya Vipingo, ndiyo maana mabroka wamejaa kila kona.

Bodi haihesabu viatu ulivyomaliza. Inataka elimu inayoitambua na uzoefu wa kazi, na ukishaingia unalipia cheti cha kila mwaka. Kwa diploma yako nisingekimbilia fomu. Tafuta wakala aliyesajiliwa akuajiri, ufanye kazi chini ya mwavuli wake huku unasomea mambo ya ardhi jioni. Kabla ya kumpelekea wateja wako, hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya Bodi. Kisha uliza dipoziti ya mteja inaingia wapi. Ukiambiwa ni M-Pesa yake mwenyewe, aga uende zako.

Deira_Bila_Feni
Binamu hakudanganyi, ila hadithi kaikata katikati. Kozi ya Dubai Real Estate Institute ni fupi kweli, kisha mtihani, cheti cha polisi cha tabia njema, na RERA, wasimamizi wa biashara ya nyumba huku, wanatoa kadi. Lakini kadi inapitia kampuni, na viza vilevile. Ukikosana na bosi, vyote viwili vinayumba siku moja.

Hesabu sasa. Komisheni iliyozoeleka ni 2% kwenye mauzo na 5% ya kodi ya mwaka kwenye upangishaji. Nyumba ya dirhamu milioni 1 inatoa 20,000, mkigawana nusu kwa nusu na kampuni unabaki na 10,000. Tamu! Ila kampuni nyingi hazina mshahara. Mimi nilikaa miezi 5 bila kuuza hata choo, na kitanda nilikuwa nalipia, teksi nalipia, chai ya mteja nalipia. Halafu kila tangazo linahitaji kibali chake kupitia Trakheesi, mfumo wa vibali wa serikali ya Dubai. Ule mchezo wa kupiga picha sebule ya mtu na kuirusha kwenye status, huku hakuna. Kilichoniokoa ni Kiswahili. Mauzo yangu ya kwanza ni mzee wa Muscat aliyenisikia nikiongea na simu, akanijibu kwa Kiunguja safi. Ukija, njoo na akiba ya miezi 6.

Dalali_Sinza
Dar ifute kabisa, kaka. Kweli hatuna bodi ya madalali wa nyumba kama yenu. Ukiwa na simu na kijiwe wewe ni dalali, mpangaji anakupa kodi ya mwezi mmoja, mambo yanaisha. Lakini Julai 2025 ilitoka amri inayozuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na udalali wa nyumba umo. Faini kwa mgeni haipungui shilingi milioni 10 za kwetu, na kibali cha kuishi kinaondoka nayo. Njoo utembee tu, tule mishkaki.

Mama_Houston
Sikuulizwa lakini nasema. Texas ni saa 180 za masomo, mtihani, alama za vidole, na hata ukifaulu leseni inalala mpaka broka akudhamini. Wapo ndugu zetu huku wanawatafutia wageni apatimenti kwa malipo kidogo wakidhani ni msaada. Hata hiyo yataka leseni. Mwanangu, kokote uendako utaanzia chini ya mtu. Angalia tu ni mtu gani.

Ajenti_Bamburi
Shukrani nyote, Mama shikamoo. Kuna ofisi moja Nyali ilinitaka mwaka jana nikaringa. Jumatatu nitaenda, baada ya kuipekua orodha ya Bodi. Binamu nimemuuliza kuhusu mshahara tangu asubuhi. Tiki mbili za buluu, hajajibu.

Deira_Bila_Feni
Huyo yuko na mteja. Au anatafuta wa kumkopa.