Bahati anarudi siku ya posho (grupe ya familia, Bukavu)

Mama Bahati: Jambo familia. Bahati anatoka SOSAME, ile hospitali ya magonjwa ya akili kwenye banamutunza juu ya kuvuta, siku ya posho, Mungu asifiwe. Lakini barafiki yake ba zamani basha anza kuuliza anarudi lini. Niko nawaza nimufungie mu nyumba hata mwezi muzima

Papa Deo: Fanya vile, na telefone umunyang'anye

Fiston: Papa Deo pardon, kumufunga haitasaidia. Ninyi bote munajua vile miye nilivuta na kunywa kanyanga. Kyenye kilinisaidia ni ile mikutano ya Narcotics Anonymous kule Nairobi, grupe ya benye banataka kuacha madawa ya kulevya, ilianzia California mu 1953. Hakuna kulipa, sharti ni moja tu, uwe na nia ya kuacha. Mutu anasema yake bengine banasikiliza, hakuna wa kumukata neno wala kumupa somo, na yenye inasemwa pale inabakia pale. Siku moja nikasikia mutu anaeleza uwongo yangu yote na hata hanijue!!

Mama mukubwa: Lakini Fiston, bavutaji bakikusanyika pamoja si batavutishana?

Fiston: Mama mukubwa njo maana hakuna kuingia na kitu ya kuvuta mu mufuko, na kunakuwa benye basha maliza miaka bila kugusa. Mupya anachagua mumoja wao, hamu ikimushika saa munane ya usiku anamupigia simu, sasa dokta gani atakupokea saa ile

Yaya Espé: Miye wa hospitali niongeze kidogo. Dawa zenye dokta alimupa asiache hata grupe ikimupendeza. Na mwenye kunywa sana kila siku asikate mara moja peke yake nyumbani, kifafa inaweza kumushika hata akufe. Aanzie kwa dokta kwanza, kisha grupe

Mama Bahati: Sasa hapa tutaipata wapi?

Fiston: Tuanze yetu. Alcoholics Anonymous, ile ya benye banataka kuacha pombe, ilianza na batu 2 tu, 1935 kule Akron, Marekani. Niko miye, na kijana wa Bagira jina sitataja, na Bahati kama anapenda mwenyewe, asilazimishwe

Papa Deo: Salo yangu iko wazi siku ya yenga kisha misa, mukutane pale. Na miye nikae?

Fiston: Hapana papa. Familia iko na mikutano yake kando, kule banaita Nar-Anon

Mama Bahati: Basi siye bazazi tutakaa kwangu saa ile ile. Deo usikose, wewe njo Bahati anakuogopaka

Papa Deo: Nitakuja. Na bia yote naondoa mu frigo leo