Naomba ushauri: tamsulosini kabla ya kutolewa jiwe kwenye mrija wa mkojo

Habari zenu wakuu. Mzee wangu ana jiwe la milimita 9. Limekwama kwenye mrija unaotoka figo ya kushoto, chini karibu na kibofu. Hapasuliwi, watapitisha kamera kwenye njia ya mkojo na kulivunja kwa leza.

Daktari kamwandikia tamsulosini ya miligramu 0.4, kidonge kimoja kila usiku, wiki nzima kabla ya operesheni. Anasema inalegeza misuli ya mrija ili kamera ipite bila kulazimisha. Tatizo muuza dawa kamwambia hiyo ni ya tezi dume, basi mzee sasa anaimeza kwa kubembelezwa, na wazee wetu mnawajua.

Kinachonitisha mimi ni presha. Anatumia amlodipini ya kushusha presha, na tangu aanze hii mpya akiinuka kitandani anapepesuka. Hospitali wamesema tumpime akiwa amelala, kisha akisimama, tuwapelekee vipimo.

Waliopitia hili, kizunguzungu kiliisha chenyewe au mlibadilishiwa dawa? Mrija ulikubali siku ileile, au mliwekewa kwanza ule mpira wa ndani wa kuupanua mrija (stenti) mkarudi baadaye? Pia anakunywa aspirini ndogo ya moyo. Sitaki kuisimamisha kienyeji, ila ningependa kujua wenzangu mliambiwaje. Homa hana. Mkojo umepelekwa kuoteshwa kuona kama una bakteria na majibu bado, na bila hayo wamesema hawamgusi.