Mvuvi alisimamishwa miezi 3, na bomba la dawa je?

Mleta mada, Ujiji:
Ndugu zangu wa Kigoma, mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Wavuvi wa dagaa na migebuka walikaa nchi kavu wakala akiba. Miezi hiyo ni kiangazi, ndipo bustani za nyanya kando ya mto Luiche zinapuliziwa dawa kweli kweli. Mimi nasema mpulizia dawa naye abanwe. Sheria ya Mazingira ya 2004 ilishaweka mita 60 za hifadhi kutoka ukingoni. Nani anaisimamia?

Nimeona kwa macho yangu: kijana anamaliza kupulizia, anashuka mtoni na bomba la mgongoni, analisuuza humo humo, anamwaga, anajaza tena. Kipimo chake ni mfuniko wa chupa.

Piga hesabu. Mililita 10 za sipamethrini, dawa ya kuua wadudu, ya asilimia 5 zina nusu gramu ya sumu yenyewe. Ukiichanganya kwenye lita 250,000 za maji unapata mikrogramu 2 kwa lita. Maabara, mikrogramu chache kama hizo huua nusu ya samaki wa aina kadhaa ndani ya saa 96. Mwili wa mtu huivunja sumu hii haraka. Wa samaki huivunja polepole mno, nayo inapita mashavuni na kuvuruga mishipa ya fahamu: anayumba, anapinduka, anakuja juu kutafuta hewa. Wa kwanza kuumia ni vifaranga, na vifaranga vya ngege hukulia maji mafupi, kwenye majani ya ukingoni.

Mkulima wa nyanya, Luiche:
Kaka, hizo mita 60 ndiyo shamba langu lote. Tangu kantangaze, yule mdudu anayetoboa nyanya, aingie nchini 2014, usipopulizia unavuna matobo. Halafu sema yote: dawa hizi hunata kwenye tope, hazikai majini kama kwenye beseni la maabara. Na wanaomwaga sumu mtoni makusudi wapate samaki, mbona huwataji?

Mleta mada:
La tope ni kweli. Ila wadudu wa kwenye tope ndio chakula cha samaki wadogo, nao wengi hufa kwa kiasi kidogo zaidi. Wavuvi wa sumu nawalaani pia. Kwa ajili yao Ulaya ilizuia samaki wa ziwa Viktoria mwaka 1999. Shamba lako lima, ndugu yangu. Ninachotaka kianze kesho: bomba lisiguse mto, na maji ya kusuuzia yapuliziwe shambani.

Mchuuzi wa samaki, Kibirizi:
Asisuuze mtoni, sawa, maji atachota wapi? Wekeni tangi la maji kila bonde. Halmashauri inatoza ushuru wa samaki wangu na wa nyanya zake. Hela hiyo ianzie hapo.