Kuzeesha plastiki mpya za gitaa zifanane na za zamani, ni urembo au ni kughushi?

Mtoto wa Solo
Wakuu habari za jioni. Nina gitaa la marehemu mzee wangu, la Kijapani la miaka ya 70, umbo la Stratocaster, lile gitaa la umeme la kampuni ya Fender ya Marekani, alilipigia bendi Tanga mpaka alipostaafu. Mwezi uliopita lilianguka, kava moja ya pikapu (ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi) ikapasuka na nobu mbili za kuzungusha sauti zikapotea, nikaagiza nyingine. Zimekuja nyeupe pee na plastiki zilizobaki karibu zote zilishakuwa njano kama siagi, yaani ukilitazama ni kama mzee aliyewekewa meno mawili ya bandia. Nimezilaza kwenye chai ya rangi usiku kucha, asubuhi ziko vilevile. Sasa naomba mnisaidie, mnazizeesha vipi, na je ni sawa? Maana shemeji yangu kanikazia kwamba huko ni kughushi.

Fundi Nyuzi
Chai haiingii mkuu. Chai inaingia kwenye mfupa, kile kipande kinachopitisha nyuzi pale kichwani kama ni cha mfupa kinakunywa rangi vizuri maana kina vitundu, ila nobu na kava za siku hizi nyingi ni ABS, aina ya plastiki ngumu, na ABS haina pa kunywea. Anza kuondoa mng'ao kwa msasa wa maji namba 1500 au 2000, polepole, kwa sababu kinachokusaliti siyo weupe peke yake, ni kung'aa. Ukishamaliza tafuta rangi ya nguo, ile ya nailoni na poliesta, ya pamba haishiki, weka njano na tone la kahawia, maji yawe moto ila yasichemke. ABS inalegea karibu na nyuzi joto 100, na kama kuna kipande cha PVC hicho kinalegea mapema, 80 hivi, nimeshaona pikigadi, lile bamba la plastiki chini ya nyuzi, imetoka kwenye sufuria imejikunja kama chapati. Toa kila dakika uweke pembeni ya kava ya zamani ulinganishe. Na sufuria hiyo usije ukapikia tena. Wengine wanapaka kiwi ya kahawia, hiyo inakaa kwenye mikwaruzo tu, ukitoka jasho inahamia vidoleni.

Mzee wa Rithimu
Shemeji yako yuko sahihi. Njano ya gitaa inaletwa na miaka, jasho, jua la kwenye lori mkienda kupiga mikoani, moshi wa sigara ukumbini. Sisi tulikuwa tunaanza saa tatu usiku mpaka majogoo, siku nne kwa wiki, gitaa likazeeka na sisi tukazeeka nalo. Leo kijana anapiga chumbani, simu ameiegesha kwenye ndoo anajirekodi, halafu anataka gitaa lionekane limezunguka nchi nzima. Mnataka mvi bila miaka.

Dada Besi
"Anapiga chumbani." Mzee shikamoo, lakini hapo umenigusa. Mimi nilipiga chumbani miaka sita kwa sababu nyumbani kwetu binti kwenda kupiga baa ilikuwa haijadiliwi, nilikuwa naweka nguo kwenye spika jirani asisikie. Leo niko jukwaani mwaka wa kumi na moja. Kile chumba ndo kilichonifundisha kupiga na sikubali kidharauliwe. Na moshi wa ukumbini usiutaje kama sifa, mpiga tumba wetu hakuwahi kuwasha sigara maisha yake yote na mapafu ndo yaliyomuua.

Mzee wa Rithimu
Marahaba binti, na poleni kwa msiba. Sikuwasema wanawake wala sikusifu maradhi. Nasema alama kwenye chombo ni ushahidi. Mtu akiona gitaa limechunika pale mkono unapolala anajua kuna mtu alilala hapo. Ukiichora ile alama kwa msasa umetoa ushahidi wa uongo, hata kama hujauza.

Dada Besi
Sasa huyo kijana katoa ushahidi gani wa uongo? Gitaa ni la baba yake, limechakaa kweli, anaziba pengo tu. Kwa hiyo mtu akishona kiraka kwenye kanzu ya marehemu babu yake atafute kitambaa chenye rangi nyingine ili watu wajue ni kiraka?

Mzee wa Rithimu
Ndiyo. Kiraka kionekane.

Kapoti wa Ngara
Wasee mnapigana na Fender wenyewe wanauza hii kitu! Tangu seventies huko, wakati wa CBS, walikuwa na magitaa mapya yamechunwa kwa factory inaitwa Relic, na ni bei kuliko ile safi. Kama kampuni yenyewe inazeesha kwa nini fundi wa mtaani aitwe mwizi?

Fundi Nyuzi
Kapoti umechanganya miaka. CBS walinunua Fender 1965 wakaiuza 1985, na enzi zao hakukuwa na Relic. Ile Custom Shop, karakana yao ya magitaa ya oda, ilianza 1987 na Relic zikatoka 1995. Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, nao sasa wana Murphy Lab, kazi hiyohiyo. Bei hapo umesema kweli, Custom Shop iliyozeeshwa inapita dola 4,000 bila shida. Ila angalia tofauti, wao wanaandika kabisa kwenye karatasi kwamba gitaa ni jipya limezeeshwa, na namba yake ipo. Mnunuzi anajua anachonunua.

Kapoti wa Ngara
Sawa 1995, lakini point yangu iko palepale bana.

Kijana wa Uyole
Nilikuwa nasoma tu sikutaka kuchangia ila hili linanihusu. Miaka mitatu iliyopita nilinunua gitaa kwenye duka fulani nikaambiwa ni la 1963, milioni mbili na laki nane, ilikuwa hela yangu ya kiwanja. Lilikuwa zuri jamani, plastiki zote njano, skrubu zina kutu. Nililiamini kwa sababu ya ile njano, sikuangalia kingine. Fundi alipolifungua akageuza kava za pikapu akanionyesha, ndani njano vilevile kama nje, mpaka kwenye tundu la nobu ambako jua halijawahi kufika. Lilikuwa limechovywa lote. Nilirudi dukani nikaambiwa mali ikishatoka hairudi. Kwa hiyo mnaposema urembo mimi nakumbuka kiwanja.

Mzee wa Rithimu
Pole sana mwanangu. Ndicho nilichokuwa nakisema tangu mwanzo.

Dada Besi
Hapana mzee, pole yake ni ya kweli ila siyo ulichosema. Aliyemwibia ni yule aliyetamka 1963. Mwizi ni mdomo, siyo rangi ya nguo. Gitaa lilelile angeambiwa ni la juzi limepakwa rangi, angelinunua laki tatu na asingelia leo.

Kijana wa Uyole
Dada kwa heshima zote, yule mtu hakuanza na mdomo. Alinipa gitaa nilishike kwanza, akanyamaza. Mwaka niliusema mimi mwenyewe, "hili ni la sitini na ngapi?" ndo akasema sitini na tatu. Ile njano ilishaniongopea kabla yeye hajafungua kinywa.

Mwana Mvita
Nduguzo hapa Mombasa tunanusa kabla ya kulipa. Pikigadi ya Stratocaster kuanzia 1959 mpaka kama 1964 ilikuwa ya seluloidi, aina ya plastiki ya zamani, matabaka matatu, nyeupe nyeusi nyeupe, na ikizeeka haiwi njano, inaingia ukijani mwembamba kama nyama ya papai bichi. Isugue kwa kidole gumba kwa nguvu mpaka ipate moto kisha unuse, itatoa harufu ya karafuu maiti, kwa sababu seluloidi imetengenezwa kwa hiyo. Mipira ya tenisi ya meza ilikuwa vivyo hivyo mpaka 2014 walipobadili. Ya PVC haitoi harufu hiyo hata uisugue mpaka magharibi. Na nyie wenye seluloidi ya kweli msiiweke karibu na jiko, inashika moto mara moja, na ikianza kuoza inatoa mvuke wa tindikali unaokula vyuma vya pikapu. Nimeona kasha limefunguliwa baada ya miaka, vyuma vyote vimeota kijani.

Kijana wa Uyole
Haya ningeyajua mapema.

Kapoti wa Ngara
Mwana Mvita si hiyo kijani ya vyuma ni chumvi ya bahari tu? Huko kwenu kila kitu kinaoza.

Mwana Mvita
Kinaoza nini? Gitaa langu lina miaka ishirini Kibokoni na skrubu zote ziko, nalipangusa kila nikimaliza kupiga. Nyinyi wa bara hamjui kutunza chombo mwasingizia bahari.

Kapoti wa Ngara
Wacha hiyo. Jua la Nairobi ndilo linageuza plastiki haraka, niliacha nobu mpya kwa dirisha tangu Januari na sasa ziko rangi ya maziwa ya ng'ombe wa Jersey, bila dawa yoyote.

Fundi Nyuzi
Kwenye jua Kapoti ana hoja. Ndani ya ABS kuna sehemu ya mpira, hiyo ndo inayoshambuliwa na mwanga na hewa ikawa njano, na kila ukipanda mita 1,000 miale ya ultravaileti inaongezeka kama asilimia 10. Kwa hiyo Mtoto wa Solo, kama hutaki rangi, weka dirishani ugeuze kila wiki. Hiyo njano hata Mzee wa Rithimu hawezi kuikataa, ni jua lilelile.

Mzee wa Rithimu
Jua nalikubali. Ila jamani mnahangaika na njano ya Wamarekani. Nyinyi mmeshawahi kuona magitaa yetu yalivyokuwa? Vyombo havikuwa vyetu, vilikuwa mali ya chama au shirika. Bendi ya NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, bendi ya Mlimani Park ikaja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, wewe ni mwajiriwa, gitaa unakabidhiwa. Likichakaa unaulizwa. Hakuna aliyetaka lionekane kuukuu, tulilipangusa kila usiku. Na miaka ya 80 spea hazikuwepo kabisa, nyuzi tulizichemsha kwenye maji tukazirudisha. Nobu ikipotea unang'oa ya redio mbovu unapachika. Ukitaka kujua gitaa la kweli la dansi usiangalie njano, angalia kama nobu zote zinafanana. Zikifanana, nina wasiwasi nalo.

Mtoto wa Solo
Mzee umenishtua. Nobu zilizopotea ni mbili, ya tatu imebaki na siyo kama zile nyingine, ni nyeusi ina duara la fedha juu. Nilikuwa nimepanga kuing'oa niweke seti kamili.

Mzee wa Rithimu
Usiiguse! Piga picha uitume hapa.

Dada Besi
Hapo tuko pamoja mzee. Usiing'oe kijana.

Fundi Nyuzi
Duara la fedha juu inaweza kuwa ya redio ya National. Ila shafti ya poti (kile kidude ambacho nobu inakizungusha) ya redio na ya gitaa mara nyingi hazilingani, angalia imekaaje, kama inacheza au imebana.

Kapoti wa Ngara
Sasa hizo mbili mpya ataweka nyeupe ama?

Mtoto wa Solo
Nimeivuta taratibu nimeangalia kisha nimeirudisha. Ilikuwa imebana sana. Ndani kuna karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa mara nne ikazungushiwa shafti isicheze. Mzee wangu hakuwa mvutaji.

Mzee wa Rithimu
Basi karatasi hiyo alipewa na mwenzake. Alipigia bendi gani Tanga, na alikuwa anashika solo au rithimu?