Mbeya: Mtoto katunga shairi lake mwenyewe, shule wamelifyeka kwa wino mwekundu

Wakuu, nina hasira na leo nasema yote.

Binti yangu yuko darasa la sita, huku Uyole. Waliambiwa kila mtu atunge shairi, litakalopita litaghaniwa kwenye mahafali ya darasa la saba. Akatunga la lumbesa, kwa sababu ndiyo anayoiona nyumbani kila tukivuna viazi: gunia linajazwa, linaongezewa kichuguu juu, linashonwa kwa kamba, na dalali analipa bei ya gunia moja. Hakusaidiwa na mtu. Mshororo mmoja ni huu:

"Gunia lina kilemba, bei ni ile ile"

Kilemba! Nimelima viazi tangu ujana wangu, sikuwahi kuliona lile rundo la juu kwa jicho hilo.

Daftari limerudi na mstari mwekundu kona hadi kona. "Mizani hazitoshi." Sifuri. Hajaonyeshwa hata zilipopungua. Nikahesabu mwenyewe silabi kwa vidole, maana mizani ni hizo silabi, na kila kipande kilitakiwa nane: gu-ni-a-li-na-ki-le-mba, nane. Be-i-ni-i-le-i-le, saba. Imepungua moja! Toa "ni", weka "yake": be-i-ya-ke-i-le-i-le, nane, limekaa. Ni kazi ya dakika mbili pale mezani, na mtoto angeondoka anaijua mizani mpaka uzee wake.

Nikaenda shule. Ndipo naambiwa, mzazi, tatizo si mizani tu, mgeni rasmi akisikia lumbesa ataona tunalalamika. Lumbesa imekatazwa kisheria, huyo mgeni rasmi ndiye anayepaswa kuisikia! Badala yake watoto wamepewa lile la kumkaribisha mgeni, linaloghaniwa miaka yote, linabadilishwa jina la mgeni tu. Wanalikariri juani, ukimuuliza mtoto ubeti wa pili unasema nini, anakutazama.

Na asije mtu hapa kuniambia ndio utamaduni wa ushairi wetu. Mshairi Mathias Mnyampala alipoeneza ngonjera baada ya Azimio la Arusha la 1967, watu walisimama kujibizana kwa hoja, huyu anauliza, yule anajibu. Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa mashairi yasiyofuata vina na mizani miaka ya 1970, wakubwa wa ushairi walibishana mpaka basi, na leo mashairi huru yanafundishwa sekondari. Halafu mtoto wa miaka kumi na mbili aliyepungukiwa mizani moja anafyekwa shairi zima?

Najua darasa limejaa. Najua mtihani wa darasa la saba unauliza vina na kibwagizo, na una maswali ya kuchagua jibu. Lakini aliyehangaika kutafuta neno la kuishia na "na" ili ubeti wake ukae, huyo kina hakimpigi chenga kwenye mtihani wowote. Anayekariri herufi ya jibu, ukimbadilishia shairi amekwisha.

Juzi nimemsikia anamwambia mdogo wake kwamba mashairi wanatunga walimu, wanafunzi wanaghani. Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza.

Walimu wa Kiswahili mliomo humu, hasa wa Mbeya, Iringa na Njombe: ni waraka gani unaomkataza mtoto kughani shairi lake mwenyewe kwenye mahafali? Nitajieni namba yake. Kama haupo, semeni haupo, Jumatatu nakwenda tena na daftari mkononi.