Krimu gani ya chuchu ni salama kwa anayenyonyesha?

MamaWaKwanza
Habari za muda huu wapendwa. Kichanga wangu ana wiki mbili na chuchu zimepasuka. Ya kushoto ndiyo balaa, mpasuko unafunguka upya kila akinyonya, hata nguo ikigusa nashtuka. Ushauri nimepewa mwingi hadi sijui nishike upi. Wifi anasema nipake asali. Hapa mezani nina vitu vitatu: kitubu cha lanolini tupu, kikopo cha "mimea asilia" ambacho orodha ya viungo imejaa upande mzima wa boksi, na krimu ya ganzi. Kipi hakitamdhuru mtoto? Na ni lazima nioshe kabla hajanyonya? Maana kuosha kwenyewe kunauma kuliko kunyonyesha.

BiMkubwa
Hongera mama, na pole. Hiyo ya ganzi iweke kando leo leo. Unachopaka kwenye chuchu kinaishia mdomoni mwa mtoto, na benzokaini, ile dawa ya ganzi, inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni inavyotakiwa. Ndiyo maana hata kwenye fizi za watoto wanaoota meno haishauriwi. Tena mdomo ukishaingia ganzi atanyonyaje? Asali nayo hapana. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka halambishwi asali hata tone, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vya botulizimu, ugonjwa hatari unaolegeza misuli. Wifi usimgombeze, anakutakia mema.

MsomaLebo
Mimi nina swali moja tu dukani: maelekezo yanasema nifute kabla ya kunyonyesha? Kama ndiyo, narudisha rafuni. Kufuta kidonda mara nane au kumi kwa siku ni kukichubua upya, na bado hutamaliza yote.

Neno "asilia" lisikubabaishe. Mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu krimu moja iliyotengenezwa mahususi kwa chuchu za wanaonyonyesha. Ndani yake kulikuwa na klofenesini, inayoweza kupunguza upumuaji wa mtoto, na fenoksiethanoli, inayoweza kumtapisha na kumharisha. Kwa hiyo boksi kuwa na picha ya mama na mtoto si kinga.

Lanolini ni mafuta ya sufu ya kondoo. Chukua iliyosafishwa kwa matumizi ya kitiba, kiungo kimoja, basi. Haihitaji kufutwa. Ni nzito na inanata, kwa hiyo usiikandamize kwenye kidonda moja kwa moja, isugue kwanza kati ya vidole hadi ilainike kisha uiguse juu kidogo tu. Kama sufu hukuwasha, jaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono.

MkungaMstaafu
Naona mmejaa kwenye vikopo, hakuna aliyeuliza mtoto anashikaje titi. Dada, akiachia, chuchu inatoka na umbo gani? Ikitoka imebinywa mshazari kama ncha ya rangi ya mdomo mpya, anaibana kwa fizi, na hapo hata upake nini kesho itapasuka tena.

Mlaze tumbo lake ligusane na lako, pua ielekee chuchu. Subiri. Usimsukume kichwa. Akipanua mdomo kweli kweli, kama anayepiga miayo, ndipo umlete kwenye titi, kidevu kikitangulia kugusa. Sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini, na mdomo wa chini ubinuke nje. Ukiuma na maumivu yasipotulia, usivumilie hadi amalize. Penyeza kidole safi kwenye kona ya mdomo wake, mvuto uachie, anza upya. Kumvuta tu ndiko kunakochana.

Kuosha: maji ya kawaida unapooga yanatosha, sabuni isifike hapo. Vile vipele vidogo kuzunguka chuchu ni tezi, vinatoa mafuta ya kulainisha ngozi, na sabuni inayaondoa.

Nuru_N
Mkunga shikamoo, ila lanolini msiiponde jamani. Mimi ilinitoa mbali.

MkungaMstaafu
Marahaba mwanangu, siipondi. Nasema isipewe kazi isiyo yake. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, ya mwaka 2014 yaliona kwamba kupaka maziwa yako mwenyewe, au kutopaka kitu, kunaweza kusaidia sawa na lanolini au zaidi kwa muda mfupi, na wengi maumivu hupungua siku 7 hadi 10 baada ya kujifungua, watumie wasitumie. Ila huyu yuko wiki ya pili na mpasuko bado unafunguka. Huyo si wa kusubiri, atazamwe akinyonyesha.

BabaWawili
Kwa mke wangu shida ilizidishwa na pedi za matiti zenye nailoni ndani. Zinafungia unyevu, ngozi inalowa siku nzima. Badilisha ikilowa tu, na ikigandia kidonda ilowanishe kwa maji kwanza kabla ya kuibandua.

MamaWaKwanza
Asanteni sana. Nimetazama sasa hivi, kweli ya kushoto inatoka imebinywa. Amecheua maziwa yana michirizi ya damu, nimeogopa. Na je, nipumzishe hilo titi?

MkungaMstaafu
Kama ni damu ya mpasuko wako, haimdhuru, endelea. Isipokuwa mama mwenye virusi vya UKIMWI, huyo chuchu ikitoa damu awasiliane na kliniki yake siku hiyo hiyo. Anza na titi lisilouma sana, maana mtoto mwenye njaa huvuta kwa nguvu. Kama la kushoto halivumiliki, kamua kwa mkono, usiliache lijae.

Ukianza kusikia kuungua hata baada ya kunyonyesha, mwangalie ulimi na ndani ya mashavu. Utando mweupe usiofutika huenda ni fangasi, mnatibiwa wote wawili, na dawa iandikwe na daktari. Ukipata homa, au titi likiwa jekundu na moto, nenda siku hiyo, huku ukiendelea kunyonyesha. Na kidonda cha titi moja kisichopona hata baada ya mtoto kushika vizuri kionwe na daktari, kisiendelee kupakwapakwa.

MsomaLebo
Hicho kikopo cha mimea kina nini hasa?

MamaWaKwanza
Mafuta ya mnanaa, vitamini E, manukato, halafu majina marefu siwezi hata kuyatamka. Chini kabisa kwa herufi ndogo: "ondoa kabla ya kunyonyesha".

MsomaLebo
Visigino vyako vitakishukuru.