Nimeishia sekondari na akiba ni ndogo: nianzie wapi kwenda kuishi nje kihalali?

Mwashi_K
Wakuu, naomba ushauri. Elimu yangu ni ya sekondari tu. Kazi ya uashi naijua ila sina cheti chake. Akiba inatosha pasipoti, tiketi na kujikimu kama miezi miwili. Kuna wakala anataka nusu ya hiyo akiba anitafutie viza ya kulea wazee Uingereza. Nimlipe?

Nanga
Usimlipe hata senti. Tangu tarehe 22 Julai 2025 waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuleta walezi wapya kutoka nje ya nchi, kwa hiyo anakuuzia kitu ambacho hakipo. Viza ya msimu ya kuvuna matunda na mboga ipo, miezi 6, lakini haikupi ukaazi, na lazima upitie mdhamini aliyeidhinishwa na serikali.

Akijitokeza mwingine na kazi ya Kanada akudai "ada ya kibali", jua kwamba ada ya LMIA (idhini ya serikali ya Kanada kwa mwajiri kuajiri mgeni) ni dola 1,000 za huko na anayeilipa ni mwajiri. Sheria inamkataza kumrudishia mfanyakazi mzigo huo.

Tofali
Kwa hali yako mimi ningeitazama Ujerumani, mafunzo ya ufundi yanayoitwa Ausbildung. Unasoma huku unafanya kazi, unalipwa kila mwezi, miaka 2 hadi 3 na nusu kulingana na fani. Uashi umo. Kwa fani nyingi za namna hiyo sheria haitaji cheti fulani cha shule, ingawa mwajiri atataka kukiona. Ukimaliza na kufanya kazi ya fani yako miaka 2 ukichangia pensheni, unaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Kikwazo ni lugha. Lenga B1, yaani ngazi ya kati (A1 ndiyo ya mwanzo kabisa). Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, wanakadiria vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45 kufika hapo, na wengi hukwama kwa sababu wanatafuta mkataba wakiwa A1. Mwajiri akipiga simu ya video ukashindwa kueleza jinsi unavyochanganya mota, basi, ndiyo imeisha hiyo. Jifunze majina ya zana zako kwa Kijerumani kabla ya kitu kingine.

Kingine: posho ya mafunzo ikiwa chini ya kiwango cha kujikimu, ubalozi utataka pengo lizibwe, mara nyingi kwa akaunti maalumu iliyozuiwa, ambayo unaweka fedha kabla ya safari na kuzitoa kidogo kidogo kila mwezi. Muulize mwajiri mapema kama anatoa chumba, maana hicho nacho huhesabiwa.

Mwashi_K
Asante sana. Na hiyo akiba niipange vipi?

Bi Karani
Pasipoti kwanza, kisha lugha na mtihani, kisha tafsiri za vyeti, kisha ada ya viza (ya Ujerumani ni euro 75). Tiketi inunuliwe viza ikishagongwa, si kabla. Na usiuze vifaa vyako vya kazi mapema.

Kabla ya kutafsiri chochote, weka pasipoti, cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule mezani, usome jina herufi kwa herufi. "Mohamed" huku na "Muhammad" kule inatosha kusimamisha ombi lako. Sahihisha kwanza, maana mtafsiri wa kiapo hunakili kosa kama lilivyo na utamlipa mara mbili.

Mkataba ukija, tafuta mambo haya: mshahara kabla ya makato, saa kwa wiki, makato ya malazi, mahali pa kazi. Namba ya simu ichukue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, usipige iliyoandikwa kwenye barua uliyotumiwa.

Nanga
Niongeze moja. Ukiambiwa "ingia kwa viza ya utalii, utabadilisha hukohuko", kataa. Marekani kwa mfano, ukizidisha muda kwa zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, unafungiwa kuingia tena kwa miaka 3. Ukizidisha mwaka mzima au zaidi, ni miaka 10.